Krimu ya kidonda imenitoa vipele: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kisumu, Kakamega, Nakuru na vijiji vilivyo katikati, watu hununua dawa za kidonda bila karatasi ya daktari: tyubu ya krimu, chupa ya kiua viini, poda ya kunyunyizia. Mara nyingi zinasaidia. Mara nyingine ngozi inazikataa, na mgonjwa, akidhani kidonda kimeoza, anaongeza dawa ile ile. Hilo ndilo tunalotaka liishe.

Maswali haya ni yale yanayorudiwa kwenye kaunta za maduka ya dawa. Majina ya viambato tumeyaacha yalivyo kwenye kisanduku ili uyatambue ukiyaona. Kama kuna mtu mbele yako anayekosa pumzi au aliyevimba midomo, mkimbize hospitali kwanza. Maelezo yako kwenye swali la 12.

## Mambo ya mwanzo

1. Krimu inawasha. Si ndiyo dalili kwamba inafanya kazi?

La. Imani hii imeenea sana na inaumiza watu wengi. Dawa ya kidonda haihitaji kuuma wala kuwasha ndipo iue viini. Ni kweli kidonda kinachofunga huwasha kidogo, lakini hapo hapo kwenye kovu changa, na mwasho huo hupungua siku hadi siku.

Mwasho wa ngozi kukataa dawa una sura nyingine. Unazidi kila unapopaka. Unatoka nje ya kidonda na kufuata mahali vidole vyako vilipopitisha krimu. Unaleta vipele vidogo vyenye maji, ambavyo vikipasuka ngozi inabaki mbichi. Ukiamka usiku unajikuna pembeni mwa kidonda ambacho juzi kilikuwa kinapona vizuri, cha kwanza kushuku ni ile tyubu.

2. Dawa kuunguza ngozi na mzio ni kitu kimoja?

Ni vitu viwili. Kuunguzwa kunaweza kumpata yeyote. Kunategemea ukali wa dawa na muda iliokaa kwenye ngozi. Mfano wa kila siku ni Dettol inayomiminwa kwenye kidonda bila maji, au kitambaa kilicholowa kiua viini kikafungwa juu ya kidonda usiku kucha. Inachoma mapema, ndani ya dakika au saa chache, ngozi inakauka na kubabuka, na ukiosha na kuiacha inaanza kutulia. Soma maelekezo ya chupa: viua viini vingi vya maji vimetengenezwa vichanganywe na maji kwanza.

Mzio, au aleji kama wengi tunavyosema, ni kinga ya mwili kushambulia kitu kisicho adui. Kiasi kidogo sana kinatosha. Na hauji papo hapo: kwa kawaida hutokea siku 1 hadi 3 baada ya kupaka, na kwa neomycin unaweza kuchelewa hata wiki nzima. Kuchelewa huko ndiko kunakowapoteza watu. Umepaka Jumatatu, umeanza kuwashwa Alhamisi, na lawama inaangukia omena za Jumatano jioni.

3. Nimetumia krimu hii miaka mingi. Inawezekanaje inikatae leo?

Hakuna anayezaliwa na mzio huu, mwili hujifunza. Siku moja kiambato hupenya ngozi na chembe za kinga zikakiweka kwenye kumbukumbu zake. Hatua hiyo huchukua kama siku 10 hadi 14 na haina dalili yoyote. Kuanzia hapo, kila kiambato kile kikigusa ngozi, kinga inaamka. Yaweza kutokea baada ya tyubu ya kwanza au ya ishirini. Ngozi iliyochanika hupitisha dawa kwa urahisi kuliko ngozi nzima, ndiyo maana dawa za kidonda zina nafasi kubwa ya kuuzalisha.

Ukishaupata, kwa kawaida unakaa nao maisha yako yote. Lakini mzio ni wa kiambato fulani, si wa dawa zote, na ndiyo sababu tunasisitiza ukijue kiambato kwa jina (swali la 18).

4. Wanasema ngozi itakuwa nyekundu. Mbona yangu sioni wekundu?

Kwa sababu maelezo mengi yameandikwa kwa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu eneo hilo huonekana la zambarau, la kijivu, au jeusi kuliko ngozi ya jirani. Tumia vidole pia: ngozi imevimba, ina joto, inakwaruza kama mchanga mwembamba. Baada ya kupona, baka jeusi linaweza kubaki miezi kadhaa. Litafifia lenyewe. Tafadhali usilifukuze kwa krimu za kujichubua. Utaongeza tatizo juu ya tatizo.

## Kilichomo ndani ya tyubu

5. Ni viambato gani vinavyosumbua zaidi?

Neomycin ndiyo ya kutazamwa kwanza. Ni antibiotiki iliyomo kwenye krimu, marhamu na poda nyingi za vidonda, mara nyingi pamoja na bacitracin, ambayo nayo ina rekodi mbaya. Chama cha madaktari wa mzio wa ngozi cha Marekani, American Contact Dermatitis Society, hutaja kila mwaka kiambato kimoja kinachostahili kuangaliwa zaidi: mwaka 2003 walitaja bacitracin na mwaka 2010 wakataja neomycin.

Chlorhexidine, iliyomo kwenye krimu na viua viini vingi, huleta mzio wa ngozi mara chache, lakini ina hatari yake ya pekee tuliyoieleza kwenye swali la 12. Cetrimide, ambayo huuzwa pamoja nayo, zaidi huunguza. Krimu za kutuliza maumivu zenye benzocaine nazo zinajulikana kwa mzio.

Kisha kuna vitu ambavyo si dawa kabisa: lanolin, yaani mafuta ya manyoya ya kondoo, manukato, na vihifadhi kama methylisothiazolinone. Mtu anaweza kubadilisha krimu tatu za kampuni tatu, zote zikamkataa, kumbe zote zina lanolin. Kwa hiyo usisome jina kubwa la mbele tu. Geuza kisanduku, usome maandishi madogo ya nyuma.

6. Neomycin ikinikataa, naweza kutumia gentamicin?

Usiitumie bila kuuliza. Neomycin, framycetin, gentamicin, tobramycin na kanamycin ni za ukoo mmoja, na kinga iliyozoea kushambulia moja mara nyingi hushambulia na nduguye. Framycetin hupatikana kwenye gozi zenye mafuta za kufunikia majeraha ya moto. Neomycin na gentamicin zimo pia kwenye dawa nyingi za matone ya macho na masikio, kwa hiyo kope zikianza kuvimba na kuwasha baada ya matone, kumbuka historia ya kidonda chako.

Bacitracin si ya ukoo huo, lakini watu wengi wenye mzio wa neomycin wana wa bacitracin pia, kwa kuwa wamezipaka pamoja miaka yote.

7. Nina mzio wa samaki. Naruhusiwa kupaka iodini?

Ndiyo. Swali hili haliishi kando ya Ziwa Victoria, na jibu halibadiliki: mzio wa mbuta, ngege, omena au kamba ni wa protini za mnyama huyo, si wa iodini. Mtu asiyeweza kula samaki anaweza kusafishwa kidonda kwa povidone-iodine.

Tatizo la kawaida la povidone-iodine ni kuunguza inapofungiwa mbichi chini ya bendeji au kutuama chini ya mgongo. Iache ikauke kwanza. Mzio wake wa kweli upo, ila ni nadra. Wenye ugonjwa wa tezi ya shingo, wajawazito, na wenye watoto wachanga wasiipake eneo kubwa au kwa muda mrefu bila ushauri.

8. Niliuziwa krimu ya dawa tatu kwa moja. Nikipaka natulia, nikiacha inarudi kwa nguvu. Kwa nini?

Hapa pana mtego. Krimu hizo kwa kawaida huwa na steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho) kama betamethasone, antibiotiki kama gentamicin au neomycin, na dawa ya fangasi kama clotrimazole. Ikiwa una mzio wa antibiotiki iliyomo, tyubu moja inawasha moto na kuuzima kwa wakati mmoja. Steroidi inafunika upele, unaona afadhali, unaendelea. Ukiacha, upele unarudi, na unaamini unaihitaji krimu ile zaidi. Watu hukaa miezi hivyo.

Wakati huo wote steroidi inakondesha ngozi na kuchelewesha kidonda kufunga. Usoni ni hatari zaidi. Msimamo wetu ni huu: krimu ya mchanganyiko haina kazi kwenye mkato, mchubuko au jeraha la moto la kawaida. Ukipewa kwa kidonda cha aina hiyo, irudishe na uombe maelezo.

9. Mama mkwe anasema niache dawa za duka nipake majani. Majani hayana mzio?

Mwambie kwa heshima kwamba majani nayo yana kemikali. Blackjack, ambayo wengi tulisuguliwa kwenye magoti tukiwa watoto, pamoja na yale maua ya manjano yanayopandwa kama ua la boma kote Nyanza na Magharibi, ni ya jamii ya alizeti, na jamii hiyo inajulikana kwa kuleta mzio wa ngozi. Utomvu wa manjano ulio chini ya ganda la mshubiri huwasha pia. Zaidi ya mzio, jani lililosuguliwa kwa mikono ya shamba linaingiza udongo ndani ya kidonda.

Dawa ya meno, mafuta ya taa, majivu na unga hazina nafasi. Tunalisema hili hasa kwa ajili ya wale wanaoungua kwa ekzosi ya boda boda. Ukikaa nyuma na kushukia upande wa kulia, shavu la mguu linagusa bomba, na dakika tano baadaye mtu ameshapaka Colgate. Dawa hiyo ya meno ina manukato na mnanaa, vyote vinavyoweza kuwasha ngozi iliyoungua, na inamzuia muuguzi kuona jeraha lilivyo. Jeraha la ekzosi linataka maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Si barafu.

## Kujihudumia

10. Nashuku krimu yangu. Nifanye nini leo?

Acha kuipaka, leo hii. Osha eneo lote kwa maji safi na sabuni isiyo na harufu kali, bila kusugua, mpaka mabaki ya krimu yatoke. Pakausha kwa kubonyeza kwa kitambaa safi. Paka Vaseline nyeupe isiyo na manukato, ufunike kwa gozi. Angalia hapo: mafuta mengi yanayouzwa kwa ajili ya watoto yana manukato, hata kama picha ya mtoto inakufanya udhani ni laini. Tafuta kopo lisilo na harufu.

Kama ngozi ya pembeni inawasha sana, hydrocortisone ya asilimia 1 inaweza kupakwa kidogo kwenye ngozi iliyofunga, siku chache, si ndani ya kidonda na si usoni bila ushauri. Kitambaa kilicholowa maji baridi kinatuliza pia. Vidonge vya aleji kama cetirizine havitibu mzio huu wa kuchelewa, kwa kuwa hauendeshwi na histamini, kemikali ya mwili ambayo vidonge hivyo huizuia, na Piriton husaidia zaidi kwa kukuletea usingizi. Ukimeza Piriton usiendeshe boda wala gari, na usishike panga la miwa.

Usishangae upele ukizidi siku moja au mbili baada ya kuacha. Kinga iliyoamshwa hailali mara moja. Kupona kabisa huchukua wiki 2 hadi 3. Na usitupe tyubu.

11. Nitajuaje kama ni mzio au kidonda kimeingia viini?

Mzio huwasha kuliko kuuma. Viini huuma kuliko kuwasha: maumivu yanayopiga kama mapigo ya moyo, joto, usaha wa rangi au harufu mbaya, homa, tezi zilizovimba kwenye kinena au kwapa. Upele wa mzio una mipaka inayofuata krimu au plasta. Viini havijali mipaka hiyo.

Vyote viwili vinaweza kuwa pamoja, maana ngozi iliyokunwa ni mlango wa viini. Ukiona dalili za viini nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hasa ukiwa na kisukari.

12. Ni lini nikimbilie hospitali bila kusubiri?

Midomo, ulimi au uso ukivimba. Pumzi ikibana au kifua kikipiga filimbi. Mabaka yakitokeza mwili mzima kwa ghafla. Kizunguzungu au kuzimia. Huu ni mzio wa aina nyingine, wa dakika na si wa siku, na unaua. Chlorhexidine inaweza kuuleta, ingawa ni nadra: mwezi wa Februari 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo rasmi kuhusu bidhaa za ngozi zenye chlorhexidine zinazouzwa bila karatasi ya daktari.

Mlaze mgonjwa na uinue miguu, au umwache akae ikiwa anapumua kwa shida. Osha dawa iliyobaki kwenye ngozi mkiwa mnatafuta usafiri. Dawa anayohitaji ni sindano ya adrenalini. Usimpe Piriton mkasubiri kuona.

13. Nisipopaka krimu yoyote, kidonda si kitaoza?

Kidonda kidogo kilichooshwa vizuri hupona bila antibiotiki. Mwaka 1996 ulichapishwa utafiti wa Marekani kwa wagonjwa 922 waliofanyiwa upasuaji mdogo wa ngozi. Nusu walipakwa bacitracin na nusu Vaseline ya kawaida. Viwango vya kuingiwa na viini havikutofautiana kwa maana yoyote ya kitakwimu, lakini wagonjwa 4 wa bacitracin walipata mzio, na wa Vaseline hakuna hata mmoja. Hivyo vilikuwa vidonda safi vya hospitali, ndiyo, lakini somo linafaa: kuosha na kuacha kidonda na unyevu kiasi ndiko kunakofanya kazi kubwa.

Vidonda visivyo vya kujihudumia nyumbani: cha kina, cha msumari au jembe, kilichoingia udongo au samadi (utahitaji kuulizwa kuhusu chanjo ya pepopunda), na cha kung'atwa na mbwa. Cha mbwa kioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Hakuna krimu inayochukua nafasi yake.

## Hali maalum

14. Nilibaki na jeli ya kitovu cha mtoto. Naweza kuipaka kwenye kidonda?

Hapana. Jeli hiyo ni chlorhexidine ya kitovu cha mtoto mchanga pekee, na ikiingia machoni inaweza kuharibu jicho. Ikibaki, irudishe kituo cha afya.

15. Baba ana kidonda cha mguu cha muda mrefu. Kila dawa inamkataa.

Wenye vidonda vya kudumu vya miguu ndio wanaopata mizio hii kuliko karibu kundi lolote. Wamepaka dawa nyingi, kwa miaka, chini ya bendeji, kwenye ngozi iliyodhoofika. Dawa mpya juu ya dawa mpya inaongeza orodha ya vitu vinavyomkataa.

Swali la kuuliza si „apake nini?" bali „kwa nini hakifungi?". Mishipa ya damu ya mguu ikilegea, kinachoponya ni bendeji ya kubana inayofungwa na mtu aliyefunzwa. Akiwa na kisukari, ni sukari, hisia za nyayo na mtiririko wa damu vinavyopaswa kupimwa kwanza, tena kabla ya kubana chochote. Mpelekeni kwenye kliniki ya vidonda au ya kisukari ya hospitali ya kaunti, mkiwa na tyubu zote alizotumia kwenye mfuko mmoja.

16. Upele wangu una umbo la mstatili kabisa.

Hiyo ni plasta. Gundi yake inaweza kuleta mzio au kuwasha tu kwa jasho. Tumia gozi na bendeji ya kuzungushia.

17. Kuna kipimo cha kuthibitisha?

Kipo. Daktari wa ngozi hubandika vipande vidogo vya viambato mgongoni, huvitoa baada ya saa 48, husoma ngozi siku hiyo na tena siku mbili au zaidi baadaye. Kwa neomycin ni vizuri kusoma hata siku ya 7. Mgongo haupaswi kulowa, na dawa za steroidi za kumeza zinaweza kuficha majibu. Anzia hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe (Jaramogi Oginga Odinga kule Kisumu, ambayo wengi bado huiita Russia, ya kaunti Nakuru, au Moi kule Eldoret) na uulize kliniki ya ngozi.

Nyumbani, baada ya ngozi kupona kabisa, unaweza kupaka kiasi kidogo cha krimu sehemu ile ile ya ndani ya mkono, karibu na kiwiko, mara mbili kwa siku kwa siku 7. Upele ukitokea, acha, umepata jibu. Usijaribu hivyo ikiwa uliwahi kupata dalili za swali la 12, na usijaribu kwa mtoto.

18. Niripoti wapi, na niandike nini?

Bodi ya Famasia na Sumu hupokea ripoti za madhara ya dawa. Mfamasia, muuguzi au daktari ana fomu ya njano kwa kazi hiyo. Mwombe aijaze mbele yako. Dawa yenyewe ikiwa na kasoro, kama rangi iliyobadilika au tyubu isiyo na maandishi, kuna fomu ya waridi. Krimu iliyopakuliwa kwenye kikopo kisicho na lebo usiinunue kabisa, kwa sababu siku ikikukataa hakuna atakayejua ulipaka nini.

Wewe mwenyewe andika jina la kiambato, si jina la biashara pekee, pamoja na tarehe na kilichotokea. Piga picha ya nyuma ya kisanduku na ya ngozi. Weka nakala kwenye kitabu chako cha hospitali, na picha kwenye simu ya mtu mwingine wa nyumbani.

19. Nina mzio wa chlorhexidine na naenda kufanyiwa upasuaji. Niseme nini?

Liseme mapema, na ulirudie kwa kila atakayekuhudumia: muuguzi wa wodi, mtu wa ganzi, daktari wa upasuaji. Chlorhexidine haimo kwenye dawa ya kusafishia ngozi tu. Imo kwenye baadhi ya jeli za kuingizia mpira wa mkojo, mipira fulani ya mishipa ya damu, na maji ya kusukutua kinywa ya daktari wa meno. Waombe wakusafishe kwa povidone-iodine, na waandike kwa herufi kubwa kwenye jalada la faili lako kabla hujaingia chumba cha upasuaji.